Watoto wa Nukta Sifuri

Siku majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, Pak Hamsani alikuwa amelala kifudifudi juu ya njia ya mbao, mkono mmoja umezama chini ya ubao mpaka begani, akipapasa nguzo iliyooza. Gang Bakung yote, kichochoro cha kando ya mto, ilisimama juu ya maji, njia na nyumba zake, na katika miaka yote aliyokuwa fundi wa hapo hakumwona bwana mkubwa hata mmoja akija kuzikanyaga zile mbao, ila wakati wa kura. Siku hizo walikuja na viatu vinavyong'aa, wakashikana mikono na watu, wakaondoka kabla chai haijapoa. Kwa hiyo aliposikia kicheko kinatoka kwenye kibanda cha Bu Saniah, hakujisumbua kuinua kichwa. Watu wakicheka asubuhi yote, alijua ni jambo dogo.

"Pak Hamsani!" Bu Saniah aliita, mwiko wa wali wa manjano mkononi. "Inuka uje umwone binti yako. Kumbe siku zote tunaishi na mgeni hapa."

"Mgeni gani tena?"

"Itah. Serikali inasema nyumbani kwake mpaka shuleni ni kilomita elfu kumi na mbili na mia saba. Sasa najiuliza, wali wangu huwa anaufuata kwa ndege?"

Wateja wakacheka tena. Itah hakucheka. Alisimama pembeni ya benchi, ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani ya moto asiyejua aiweke wapi. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mdogo wa mwili, na tangu mwaka jana alikuwa ameacha kucheza akawa anasoma tu. Kutoka pale kibandani mtu aliweza kuona mlingoti wa bendera wa shule yenyewe, na upepo ukiwa mzuri alisikia walimu wakiwagombeza watoto.

"Nionyeshe," Pak Hamsani alisema, akipangusa matope kwenye kaptula.

"Nimekosa nafasi, Abah," Itah alijibu. "Wamechukua walio karibu. Mimi niko mbali."

"Mbali na nini?"

Itah alimpa simu aone mwenyewe. Mwana wa Bu Saniah, Rifani, kijana wa rika moja na Itah, alikuwa ameinama juu ya simu yake mwenyewe. Akamgusa mama yake kiwiko, akamwonyesha. Bu Saniah aliisoma ile namba mara mbili. Ilikuwa ileile, elfu kumi na mbili na mia saba. Akaurudisha mwiko kwenye sufuria, na kile kicheko kikafa pale pale.

Kufika adhuhuri ilijulikana kwamba watoto wote tisa wa Gang Bakung waliomaliza shule ya chini mwaka ule wako mbali kilomita elfu kumi na mbili. Na ilijulikana pia, kwa kuwa habari ya namna hiyo haikai, kwamba mtoto wa mwisho kuchaguliwa anatoka Bukit Kencana, mtaa mpya wa nyumba za ghorofa nyuma ya ukuta, ambako kwenda shuleni mtu huwasha gari. Shule ya kulipia ilikuwa moja tu mjini, na ada yake hakuna mtu wa gang aliyeiuliza hata kwa utani. Wasichana wa gang wasiokwenda shule walikwenda kwenye kiwanda cha kukaanga vibanzi vya samaki. Ungewatambua kwa harufu wakipita, na kwa vidole vilivyobabuka mafuta. Pak Hamsani aliwatambua wote kwa majina, na mchana ule alimwona mmoja akipita, akageuza uso.

*

Rus, binti yake mkubwa, alirudi kutoka kazini jua likizama. Alikuwa na shahada, na alifanya kazi kwenye kampuni ndogo iliyopata zabuni ya kutengeneza mfumo wa kuchagua wanafunzi kwa ajili ya ofisi ya elimu. Watu wa gang walipouliza binti yake anafanya nini, Pak Hamsani alisema, "Anaandika kompyuta," akanyamaza, maana zaidi ya hapo hakujua, na hilo peke yake lilimtosha kutembea kifua mbele.

Jioni ile Pak Hamsani alikuwa amekaa mezani hajaoga. Samaki alikuwa amepoa. Itah alikuwa nyuma ya pazia.

"Kaa," alimwambia Rus. "Kabla hujala, nieleze. Hiyo mashine yenu imempimaje mdogo wako?"

Rus alivua kofia ya pikipiki akaiweka sakafuni. Kwa sura yake ilionekana anajua.

"Kila mtoto ana nukta yake, Abah. Namba mbili. Moja inasema yuko wapi kutoka kaskazini mpaka kusini, nyingine mashariki mpaka magharibi. Shule nayo ina yake." Alichukua punje ya wali akaiweka katikati ya sahani, akazungushia mbegu za pilipili. "Mimi kazi yangu ni kuandika swali. Naiuliza hifadhidata: pima kutoka kila mtoto mpaka shule, mpange aliye karibu kuliko wote awe wa kwanza, kisha anayefuata, mpaka nafasi ziishe. Basi. Haikawii hata kupepesa macho."

"Basi imekosea."

"Haikukosea. Imejibu ilichoulizwa."

"Itah anakaa elfu kumi na mbili?"

Rus alisogeza mbegu moja mpaka ukingoni mwa sahani, ikaangukia mezani.

"Wakati wa kujiandikisha mlibonyeza nyumba kwenye ramani, unakumbuka? Mkabonyeza, alama ikawa haikai."

Alikumbuka. Ramani ilikuwa ya kijani na njano kwenye nchi kavu, na mto ulikuwa wa buluu. Gang Bakung yote ilikuwa ndani ya buluu. Kila ulipobonyeza, alama iliruka ikapotea. Karani aliyekuwa zamu alisema waache wazi, ofisi itatuma watu kuja kupima nyumba kwa nyumba. Watu hao hawakuja. Au walikuja mpaka zinapoanzia mbao, wakatazama viatu vyao, wakarudi.

"Walioachwa wazi, mashine haiwezi kuwapima," Rus aliendelea. "Huna nukta, huna umbali. Mimi niliwatenga kwenye kundi lao, nikaandika juu kabisa: hawa bado, wasipangwe mpaka wapimwe. Wiki ya kuuonyesha mfumo mbele ya mkuu wa ofisi, Pak Hendarto akaja mezani kwangu." Huyo Pak Hendarto alikuwa bosi wake. "Akasema, 'Rus, hizi nafasi tupu zinaonekana kama uchafu kwenye skrini. Wajaze sifuri kwa muda.' Nikawajaza."

"Sifuri si maana yake hakuna?"

"Kwenye ramani sifuri ni mahali, Abah. Sifuri na sifuri ni baharini, chini ya Ghana. Afrika. Ndiko mashine ilikowapima."

Pak Hamsani aliitazama ile mbegu mezani. Alikuwa amepanga matusi ya kutosha tangu asubuhi, ya mkuu wa ofisi, ya meya, ya waliochora mto wakasahau watu, na sasa yote hayakuwa na pa kwenda kwa kuwa aliyekaa mbele yake alikuwa mtoto wake.

"Kwa hiyo ni mkono wako."

"Ni mkono wangu."

"Na kwa muda maana yake nini kwenu? Mpaka lini?"

"Mpaka ofisi ilete nukta. Niliandika barua pepe tatu kuzidai. Nilidhani haiwezekani watangaze bila kuzileta." Akaiokota ile mbegu, akairudisha kwenye sahani. "Nilidhani kuna mtu anaangalia."

"Mtu!" Pak Hamsani alisema. "Umekaa na wakubwa miaka mitatu, bado unadhani kuna mtu anaangalia."

Nyuma ya pazia Itah alipenga kamasi. Hakuna aliyegusa samaki.

*

Asubuhi Rus hakwenda kazini. Alipita gang nzima na simu, akasimama mbele ya kila mlango wenye mtoto aliyekosa, akangoja mpaka simu ishike satelaiti, akaandika zile namba mbili. Watu walitoka kumtazama. Mzee mmoja alijifunga sarungi mpya akasimama wima mlangoni kwake, akidhani anapigwa picha.

"Na yangu ipime, Rus," alisema jirani asiye na mtoto wa kwenda popote. "Nijue mke wangu huwa anaenda mbali kiasi gani akisema anakwenda hapo tu."

"Wako hafiki Ghana," Bu Saniah alimjibu. "Anaishia kwa fundi cherehani."

Walicheka, na safari hii Itah alicheka nao kidogo. Bu Saniah alisimama mlangoni kwake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mkono begani kwa Rifani, kama vile akiondoka nukta itakimbia. "Isome tena," alimwambia Rus. "Usije ukawa umemweka mwanangu Brazili." Rus akaisoma tena.

Kisha alikaa mezani nyumbani, akafungua kompyuta, akaandika swali upya. Pak Hamsani alivuta kiti nyuma yake. Hakuelewa hata neno moja la yale yaliyokuwa yakipanda kwenye skrini, lakini aliona jinsi binti yake anavyofanya kazi: anaandika, anasimama, anafuta nusu, anaandika tena polepole zaidi, kama mtu anayepiga msumari karibu na ufa.

"Hapa naiambia mashine, asiye na nukta usimpe namba yoyote," alieleza bila kugeuka. "Mrudishe kwa mtu. Asipangwe, asikatwe, mpaka mtu aseme. Na hapa nawapima upya wenye nukta mpya."

"Piga basi."

Akabonyeza. Orodha ikajipanga upya mbele ya macho yao, na majina ya Gang Bakung yakawa juu kabisa. Masitah binti Hamsani, mita mia mbili na themanini. Rifani, mia mbili na tisini na tano. Wote tisa. Itah alilitazama jina lake, akanyoosha kidole akaligusa, akakirudisha haraka.

"Na hawa wa chini?" Pak Hamsani aliuliza. Chini majina tisa yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Hao wametoka. Nafasi ni zilezile, Abah. Wakiingia tisa, wanatoka tisa."

"Ni wa wapi?"

"Bukit Kencana wote."

Pak Hamsani aliyahesabu yale mekundu, tisa kamili. Moyoni aliona raha ambayo hakuiona siku nyingi, na hakuionea aibu.

*

Siku iliyofuata walikwenda ofisi ya elimu, baba na binti, kwa pikipiki. Bu Saniah aliwafungia wali kwenye jani, vifurushi viwili, akakataa kulipwa. "Waambie," alisema. "Waambie wakija nitawapa wali bure. Waje tu waone kama huku ni Afrika."

Dirisha la malalamiko lilikuwa na kijana mwenye kitambulisho shingoni, na nyuma yake feni iliyokuwa ikimpepea yeye peke yake.

"Hati ya ardhi, Pak?"

"Nyumba yangu iko juu ya maji."

"Sawa, basi hati ya maji."

"Hiyo hutolewa na nani?"

"Mimi tena nitajuaje, Pak. Labda samaki."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, wengine kwa kulazimika, maana nao walimhitaji yule kijana. Pak Hamsani alisimama na kofia yake mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alijua kwamba akifungua mdomo sasa atamtukana mtu, na akimtukana mtu Itah amekwisha. Akaigeuza kofia mkononi. Hilo yule kijana alilijua pia.

Rus ndiye aliyepiga simu. Pak Hendarto, aliyekuwa ghorofani siku ile kwa kazi ya mfumo, akashuka mwenyewe, shati la batiki limenyooshwa, manukato yanamtangulia. Akamshika Pak Hamsani mkono kwa mikono miwili, akamwita kaka, akawaingiza kwenye chumba chenye baridi. Ndani alikuwamo mkuu wa kitengo, mama wa makamo mwenye hijabu ya rangi ya udongo, na juu ya meza visanduku vya keki na maji ya vikombe vyenye mirija.

Rus hakula keki. Alifungua kompyuta akaeleza, kwa adabu na bila kuongeza neno: ramani iliyokataa mto, nafasi tupu, sifuri, nukta mpya, swali jipya. Hakusema nani aliagiza sifuri. Pak Hendarto alikuwa akitazama kucha zake. Mkuu wa kitengo alisikiliza vizuri, na Pak Hamsani alianza kudhani kwamba amewakosea watu hawa, kwamba labda mmoja wao ana moyo. Kisha yule mama akashuka na orodha mpaka kwenye yale majina mekundu. Akayasoma moja moja. Kwenye la nne akasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya hijabu, akaivaa tena, jina lilikuwa bado lipo.

"Kazi nzuri, mwanangu," alimwambia Rus. "Mwakani tutaitumia."

"Mwakani, Bu?"

"Orodha imetangazwa. Wazazi wameshanunua sare. Nikiifumua leo, kesho mji mzima uko kwenye lile dirisha."

"Lakini hawa tisa..."

"Rus," Pak Hendarto alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Akageuza kiti kuelekea kwa Pak Hamsani. "Kaka, sikiliza. Mungu ni mwema. Kuna mtoto mmoja amejitoa, baba yake amehamishiwa Surabaya. Nafasi moja iko wazi. Na huyu Rus ni mtu wetu. Mdogo wake tutamwachaje nje? Leo hii jina lake linaingia. Jumatatu yuko darasani."

"Nafasi ni tisa, Pak," Rus alisema.

"Nafasi ni moja."

"Abah, tusikubali. Tukitoka hapa bila kukubali, bado ni watoto tisa. Gazeti litaandika. Watalazimika. Tukikubali, ni nyumba moja imelalamika na imeridhishwa."

Pak Hamsani aliwatazama wote watatu. Maneno ya binti yake aliyaelewa vizuri, na aliyaamini. Lakini alikuwa ameishi muda mrefu chini ya watu wa namna hii. Alijua wanavyongoja. Wao wana feni na mishahara, wanaweza kungoja mpaka mwaka upite, mpaka gazeti lipate habari nyingine, na mwaka kwa msichana wa miaka kumi na mitano ni kiwanda. Aliona vidole vya Itah. Alimwona pia Bu Saniah akifunga wali kwenye jani, na picha hiyo akaisukuma kando.

"Mtasema nini kwa wale wengine?" aliuliza.

"Mwakani," alisema mkuu wa kitengo. "Kwa kipaumbele."

"Kwa hiyo, kaka," Pak Hendarto alisema, "beres?"

Neno hilo Pak Hamsani alilisema yeye mwenyewe mara kumi kwa siku. Ubao ukishagongwa, beres. Mgonjwa akipona, beres. Watu wakigombana wakapatana, beres, hakuna tena wa kulifukua. Ni neno jepesi, halichukui hata pumzi nzima.

"Beres," alisema.

Rus alifunga kompyuta. Pak Hendarto akamwekea Pak Hamsani kisanduku cha keki mkononi, akakibana kwa vidole vyake ili kisirudishwe.

*

Rus aliendesha kwa kasi kuliko kawaida yake. Darajani, kwenye foleni ya malori, aliongea akiwa ametazama mbele.

"Abah, wamekupa nini?"

"Nafasi ya mdogo wako."

"Nafasi ya Itah ilikuwa ya Itah. Anakaa mita mia mbili na themanini kutoka shuleni. Wamekuhonga kwa kitu chako mwenyewe."

Neno hilo lilimwingia, na kwa kuwa lilimwingia alijibu vibaya. "Na aliyeandika sifuri nani? Mimi?"

Malori yalisogea. Rus hakusogea mpaka wa nyuma wakapiga honi.

"Mimi," alisema. "Na leo nilikuwa naifuta."

Pak Hamsani alitaka kumshika bega. Alikuwa na kisanduku cha keki mkono mmoja, na mwingine alikuwa ameshikilia kiti cha pikipiki.

Watu wa gang walikuwa wakiwangoja. Hawakuwa wengi, sita au saba, kwenye benchi la Bu Saniah. Pak Hamsani alikuwa amepanga maneno njiani, akayasahau, akasema kwa mkato kwamba wamekubali kosa lipo, na mwakani watoto wa gang watapewa kipaumbele.

"Mwakani," Bu Saniah alirudia. "Wote?"

"Wote."

"Na Itah naye?"

Hapo ndipo alipotazama chini. "Kwa Itah, kuna mtoto amejitoa. Amehamia Surabaya."

Alingoja matusi, na angeyapokea. Lakini hakuna aliyemtukana. Mzee wa sarungi mpya akasema alhamdulillah, kwa sauti ya mtu anayesema pole. Wengine wakasema vilevile. Bu Saniah aliangalia kisanduku cha keki, kikiwa bado mkononi mwa Pak Hamsani, chenye jina la duka la bei kubwa. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mungu amjalie," alisema. "Asome kwa bidii."

Mwisho wa wiki ile Rifani aliondoka na mjomba wake kwenye tishari la makaa ya mawe, kupanda mto. Wengine wawili wakaenda kiwandani. Rus aliendelea na kazi, kwani nyumba ilikula kutoka mkononi mwake. Kampuni ilikuwa imepata zabuni ya mikahawa ya kuku wa kukaanga: mteja abonyeze simu, aonyeshwe tawi lililo karibu naye. Swali lilikuwa karibu lilelile. Kwa kuku hawakuacha nafasi hata moja tupu. Matawi yote yalipimwa, mpaka la juu ya mto, na kwa hilo kampuni ilituma watu kwa mashua. Rus aliyasema hayo mezani jioni moja, hakumtazama mtu, kisha akanyanyua sahani yake kwenda kuiosha.

Jumatatu ile aliyoahidiwa Itah alikwenda shule. Sare ilikuwa ya mtumba, Pak Hamsani aliipiga pasi mwenyewe, kola ikasimama vizuri. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamtazama akipita juu ya mbao, begi mgongoni, mbele ya milango ambako Rus alisimama na simu. Watu walimwitikia salamu. Bu Saniah alimpa wali wake, akapokea hela, akarudisha chenji. Hapakuwa na lolote la kusimulia. Ila hakuna mlango uliomwuliza anasomaje, wala aliyemtania, na Gang Bakung mtu asiyetaniwa ni mtu anayengojewa kuzikwa. Jumanne ikawa hivyo. Jumatano ikawa hivyo.

Alhamisi Pak Hamsani alikuwa akiwasha jiko aliposikia ngazi ya nyuma ikilia, ile inayoteremka mtoni. Alichungulia. Itah alikuwa anashuka kwa uangalifu, viatu vyeupe mkononi, sketi ameikusanya isiguse maji. Mashua ya abiria ilikuwa imesimama, injini inanguruma pole. Njia ya mashua ile Pak Hamsani aliijua: ng'ambo ya mto, kisha sokoni, kisha mtu apande gari mpaka darajani, avuke, arudi kwa barabara kuu akizunguka Bukit Kencana, aingie shuleni kwa lango la mbele pamoja na wanaotoka mbali, bila kupita mlango hata mmoja wa gang.

"Itah," aliita. "Unakwenda wapi? Shule si iko huku?"

Binti alikuwa ameshakaa. Akaweka viatu mapajani, akatafuta nauli kwenye mfuko wa sare.

"Utachelewa. Utazunguka mji mzima."

"Huku ndiko karibu, Abah," alisema, akampa mwenye mashua nauli yake.